Spika Sita za Leticia

Kila asubuhi, kabla jua halijayafikia mapaa ya mtaa wa Kibaoni, Leticia alikuwa ameshafagia uwanja, ameosha vyombo na kubandika maji ya chai. Hapo ndipo kengele ya baiskeli iliposikika nje ya uzio wa matete, na sauti ya Mbuke ikafuata.

"Hodi! Maziwa!"

Mbuke alikuwa na umri sawa na Leticia, na wote walisoma darasa la sita katika shule moja. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia bonde la Kilombero na ng'ombe wao, wakajenga nje kidogo ya mji wa Ifakara. Alfajiri mama yake, ambaye watu walimwita Mama Shilinde kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikamua maziwa, naye Mbuke akayasambaza kwa wateja kabla ya shule. Nyumba ya akina Leticia ilikuwa ya mwisho katika mzunguko wake. Aliegesha baiskeli hapo, akapewa kikombe cha chai, kisha wasichana hao wakaongozana kwenda shuleni.

Mwaka huo wa 1999, sebuleni mwa nyumba hiyo kulikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine mtaani aliyekuwa nacho: kompyuta. Baba yake Leticia, Bwana Viktor, alikuwa bwana misitu. Mgeni mmoja aliyefanya naye kazi alimwachia kompyuta hiyo mkataba wake ulipokwisha. Ilikuwa mpya, yenye uwezo wa kucheza diski za DVD, ambazo watu wengi wa Ifakara walikuwa hawajawahi hata kuzisikia. Ilikaa mezani, spika zake mbili ndogo zikiwa kulia na kushoto, na muda wote ilifunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Baba aliweka sheria moja tu: asiiguse mtu kama yeye au Mama hayupo.

Wiki hiyo Mama alikuwa na furaha kubwa. Alikuwa nesi wa kliniki ya mama na mtoto, watu wakimwita Nesi Philomena, na rafiki yake aliyekuwa masomoni Ulaya alikuwa amemletea diski ya filamu iliyowafundisha wazazi jinsi ya kuitambua malaria mapema kwa mtoto mdogo. Filamu ilikuwa na maelezo ya Kiswahili. Mama na Baba waliijaribu pamoja jioni moja, wakaisikia vizuri tangu mwanzo.

"Nitawaalika kina mama Jumamosi," Mama alisema. "Wengi huja kliniki mtoto akiwa ameshazidiwa. Mimi wamenizoea, maneno yangu yanaingia huku yanatokea kule. Lakini wakiona kwa macho yao, watashika."

Baba alipanda treni kwenda Uchindile kukagua miti iliyopandwa kule. Mama akaendelea kualika. Alimwalika hata mdogo wake, Luciana, aliyeishi Lupiro ng'ambo ya mto, mwenye mtoto mchanga.

Siku ya Ijumaa, baada ya shule, Leticia alimwambia Mbuke, "Twende nikuonyeshe ile filamu. Mama hatarudi sasa hivi."

"Lakini si mmekatazwa?"

"Tutaangalia kidogo tu. Hakuna atakayejua."

Mbuke aliingia, lakini hakuvuka mkeka. Alisimama karibu na mlango, begi lake la vitabu mgongoni, kama mtu anayetaka kuondoka. Leticia aliondoa kitambaa, akawasha kompyuta kama alivyomwona baba yake akifanya, akatia diski. Muziki wa mwanzo wa filamu ukasikika.

"Ni sauti hiyo tu?" Mbuke aliuliza. Hakuwa na nia mbaya. "Redio ya kaka Shilinde inalia zaidi."

Maneno hayo yalimchoma Leticia. Alikuwa amejisifu kwa Mbuke tangu kompyuta ilipofika, na sasa inashindwa na redio ya kuning'inizwa kwenye baiskeli! Akashika kipanya, akabonyeza hapa na pale, mpaka kikafunguka kidirisha kimoja. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, hakuyaelewa. Lakini aliona picha za spika: mahali pamoja mbili, pengine nne, pengine sita. Alama ilikuwa kwenye zile mbili.

"Unaona?" alisema. "Ndiyo maana sauti ni ndogo. Nikiweka sita, bati la nyumba hii litatikisika."

"Leticia, acha. Si chombo chako."

Leticia alikuwa ameshabonyeza. Muziki uliendelea, na yeye akajiaminisha kwamba umeongezeka. Kabla hawajafika kwenye maelezo, alisikia Mama akisalimiana na jirani barabarani. Alizima haraka, akatandaza kitambaa, akamvuta Mbuke hadi uwanjani. Mama alipoingia aliwakuta wanachambua mchicha.

Jumamosi kina mama walijaa sebuleni, wengine wakakaa barazani. Luciana alikuwa amevuka na kivuko asubuhi, mtoto akiwa mgongoni. Mama Shilinde alikuwepo, amekaa pembeni peke yake kwa kuwa hakuwa na mwenyeji mwingine pale. Mama Hermenegildi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alikaa mbele kabisa. Mama alikuwa amevaa sare yake ya kazi iliyopigwa pasi.

"Karibuni, mama zangu," alisema. "Leo mimi sisemi sana. Mwenye kusema yumo humu."

Picha zikatokea. Mwanamke alimpakata mtoto wake, akamgusa paji la uso. Mvua ilinyesha na kila tone likasikika. Chura walilia na muziki ukapigwa. Kisha mwanamke akafungua kinywa, midomo ikatembea, lakini maneno hayakusikika. Akatokea daktari, naye akainua kidole na kuonya kwa uso mkali, kimya. Mtu aliyetega sikio sana angeweza kusikia kitu kama mnong'ono wa mbali sana.

Kina mama walitazamana.

"Nesi," Mama Hermenegildi aliuliza, "hawa watu ni mabubu?"

Kicheko kikapasuka. Mama alikwenda kwenye spika, akazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Maneno hayakuja, ila muziki na mvua vilivuma kwa nguvu hata mtoto wa Luciana akashtuka na kuangua kilio. Mama aliirudisha filamu mwanzo mara kadhaa. Jasho lilimtoka. Wanawake wakaanza kuaga mmojammoja: huyu ameacha maharage jikoni, yule anasubiriwa shambani.

Mama aligeuka. "Leticia, juzi filamu hii ilisema vizuri. Nani ameigusa kompyuta?"

Macho ya watu wote yalimwangukia Leticia. Hakuwa amepanga kusema uongo, wala hakujua atasema nini mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe.

"Jana Mbuke alikuwa hapa."

Ilikuwa kweli. Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Macho yakamwacha Leticia, yakahamia pembeni kwa Mama Shilinde.

"Haya ndiyo mambo," alisema Mama Hermenegildi. "Mtu aliyezoea kuswaga ng'ombe unamwingiza kwenye kompyuta!"

Wengine walicheka, wengine wakainamisha vichwa. Mama Shilinde aliinuka polepole, akajifunga khanga vizuri.

"Nesi, tuwie radhi," alisema. "Nitamuuliza mwanangu."

Akatoka. Leticia alitazama kandambili zake zikiishia kwenye kona ya uzio, akatamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kumkimbilia, maana hakuwa amefika mbali. Lakini alibaki palepale.

Kesho yake kengele ya baiskeli haikusikika. Mama alimtuma Leticia akanunue maziwa ya kopo dukani, na chai ile ilimshinda kunywa.

Jumatatu alimkuta Mbuke shuleni, amekaa dawati la nyuma. Wakati wa mapumziko alimfuata hadi kwenye bomba la maji.

"Mama yako amekupiga?" alinong'ona.

"Hajanipiga. Aliniuliza kama niligusa, nikamwambia sikugusa. Akaniamini." Mbuke alikuwa akinawa mikono, hakuinua uso. "Ila amesema nisije tena kwenu."

"Hukumwambia kwamba ni mimi?"

"Aliniuliza habari zangu, nikasema zangu. Zako sizisemi mimi. Mdomo unao."

Mbuke akafunga bomba, akaenda zake. Leticia alibaki pale mpaka kengele ya darasani ikalia. Afadhali angetukanwa.

Kumbe maneno yaliyosemwa sebuleni hayakubaki sebuleni. Katikati ya wiki, Leticia alitumwa kupeleka mpunga mashineni. Alimkuta Mama Shilinde amesimama na ndoo yake ya maziwa mbele ya Mama Hermenegildi.

"Mimi nimepata mwingine wa kuniletea," Mama Hermenegildi alikuwa akisema. "Siwezi kumwingiza nyumbani mtoto asiyetulia mikono. Leo ameharibu kompyuta ya nesi, kesho je?"

"Nyumba ya pili kunikataa hii leo," Mama Shilinde alisema taratibu, kama anayejisemea. Alipogeuka alikutana uso kwa uso na Leticia.

"Shikamoo, mama," Leticia aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

Alimwita mwanangu! Leticia alimpa mtu wa mashine mpunga wake, akajificha nyuma ya rundo la pumba akalia, pumba zikimshika usoni. Hata hivyo, alipofika nyumbani, alinyamaza. Kila siku aliyokaa kimya ilifanya siku iliyofuata iwe nzito zaidi. Angeanzaje? Mama angeuliza, "Na siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Baba alirudi kutoka Uchindile akasimuliwa. Jioni hiyohiyo alianza kuutafuta ubovu. Alikagua waya kutoka nyuma ya kompyuta hadi kwenye spika, akachomoa, akapuliza vumbi, akachomeka tena. Alifuta diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni. Midomo iliendelea kutembea bila maneno. Akatia diski ya muziki wa kwaya. Kwaya iliimba vizuri, sauti zote zikasikika, za juu na za chini.

"Ajabu," Baba alisema. "Spika ni nzima, waya ni mzima. Basi mbovu ni filamu yenyewe."

"Siku ile tuliisikia wote," Mama alijibu.

Jumamosi akaja mjomba Nickolaus, kaka yake Mama, aliyefanya kazi na kompyuta ofisini huko Morogoro. Alikuwa mcheshi, lakini alipokaa mbele ya mashine alinyamaza. Alichomeka spika za masikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa. Aliizima kompyuta, akaiwasha, akasikiliza tena. Kisha akajinyoosha kitini.

"Shemeji, nina njia mbili," alimwambia Baba. "Ya kwanza, niifute programu hii ya kuchezea filamu niiweke upya. Lakini diski yake sina, lazima itafutwe Dar es Salaam, nako sijui kama ipo. Ya pili, aliyeigusa aniambie alibonyeza nini. Kompyuta haijibadilishi yenyewe. Nikijua alipopita, nami nitapita hapohapo kurudi."

"Aliyeigusa ni mtoto wa Mama Shilinde," Mama alisema. "Leticia, kimbia kawaite. Waambie hatugombi. Tunataka kuuliza tu."

Leticia alitoka mbio, akavuka mitaa, akaingia njia ya mashambani, na kadiri alivyokaribia boma lile ndivyo mbio zilivyogeuka mwendo wa konokono. Mama Shilinde alikuwa uwanjani, akimimina maziwa ndani ya vyungu. Vyungu vilikuwa vimepangwa safu nzima kando ya ukuta.

"Ni mengi, tunayagandisha," Mbuke alieleza kwa ufupi alipomwona anavitazama. "Wanunuzi wamepungua."

Leticia alipiga magoti palepale, kwenye vumbi.

"Mama, Mbuke hakugusa. Ni mimi niliyegusa. Alinikataza, nikakataa kumsikia. Halafu mlipokuwa wote sebuleni nikamtaja yeye."

Mama Shilinde aliweka ndoo chini.

"Nilijua," alisema. "Mwanangu namfahamu. Sikutaka kumlazimisha nesi amjue mwanawe." Akajifuta mikono. "Inuka. Hayo uliyoniambia mimi, mimi siyahitaji. Wanaoyahitaji wako kwenu."

Waliongozana watatu. Sebuleni, mjomba Nickolaus alimkaribisha Mbuke kwa upole.

"Njoo, binti, usiogope. Ulibonyeza nini?"

Mbuke alisimama palepale mlangoni, pale aliposimama siku ile. Leticia akapita mbele.

"Mjomba, niulize mimi," alisema, na machozi yakaanza kutiririka. "Mbuke hakuigusa hata kidogo. Nilibonyeza mimi. Nilitaka sauti iwe kubwa ili nimwonyeshe. Baba, Mama, nilidanganya."

Baba alimtazama kama anayemtazama mtoto wa watu wengine. Mama alikuwa ameshika kifua, lakini hakumtazama Leticia. Alikuwa anamtazama Mama Shilinde.

"Nionyeshe," alisema mjomba kwa sauti ya chini.

Leticia alishika kipanya, akabonyeza alipobonyeza siku ile, hadi kile kidirisha chenye picha kikafunguka.

"Ahaa!" Mjomba aliguna. "Spika sita! Kumbe ndipo ulipopita. Sikilizeni. Filamu kama hii hugawanya sauti zake. Muziki, mvua na chura vinapelekwa spika za pembeni. Watu wanaozungumza wanapelekwa spika ya katikati. Leticia ameiambia kompyuta kwamba humu ndani mna spika sita, nayo imemwamini. Imekuwa ikiyapeleka maneno yote kwenye spika ya katikati, na sisi hatunayo. Diski ya kwaya haina mgawanyo huo, ndiyo maana iliimba vizuri."

Akarudisha alama kwenye spika mbili. Kazi ya kidole kimoja. Filamu ikaanza, mwanamke akamgusa mwanawe paji la uso, na safari hii akasema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mwanangu ana joto. Sitangoja kesho. Nampeleka hospitali leo."

Hakuna aliyeshangilia. Mama alimwendea Mama Shilinde, akaishika mikono yake yote miwili.

"Dada yangu, wewe ulisimama humu ukaniomba radhi. Kumbe aliyepaswa kuomba radhi ni mimi. Nilihukumu bila kumuuliza mwanao."

"Yamepita, nesi," alijibu Mama Shilinde.

"Hayajapita," Mama alisema. "Maneno yalitoka mbele ya watu, mbele ya watu yatarudi."

Kina mama wakaalikwa upya. Walipojaa sebuleni, kabla kompyuta haijawashwa, Leticia alisimama katikati yao. Alikuwa amepanga maneno mazuri, yote yakapotea.

"Kompyuta niliiharibu mimi," alisema. "Mbuke alinikataza. Nilimsingizia kwa sababu niliogopa, na mliponiamini nikanyamaza. Naomba mnisamehe. Mbuke na mama yake hawana kosa lolote."

Alimwona mama mdogo Luciana akifunika mdomo kwa khanga. Aliwaona wengine wakinong'onezana. Mama Hermenegildi alijisogeza kitini mwake, akakohoa, kisha akageuka nyuma.

"Mama Shilinde," alisema bila ukali wake wa kawaida, "mtoto alisema nusu, hiyo nusu nyingine niliimalizia mimi. Kesho niletee maziwa kama zamani."

Ndipo filamu ikaonyeshwa, na maneno yote yakasikika. Kina mama walikaa kimya. Luciana aliuliza maswali mengi, akaomba sehemu ya dalili za hatari irudiwe, na baadaye hakuna aliyekumbuka maharage jikoni.

Watu walipotawanyika, Leticia alimfuata Mbuke uwanjani.

"Utanisamehe?"

Mbuke alifikiri. Hakuwa msichana wa kusema jambo ambalo halimo moyoni.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini chai kwenu sitakunywa bado. Nitaleta maziwa na kwenda. Nikiwa tayari nitakwambia."

Leticia aliitikia kwa kichwa. Iliuma, na alijua ilistahili kuuma.

Jioni Leticia alikuwa akiosha vikombe vya wageni kwenye beseni, Mama akivifuta.

"Mama, utaniamini tena?"

"Nitakuamini polepole, kadiri utakavyonipa sababu," alijibu Mama. "Sikufichi, nimeumia. Umevunja sheria ya baba yako. Hilo ni kosa la mtoto, na adhabu yake utaipata. Lakini umeona, mwanangu: kosa la kompyuta limeondoka kwa kubonyeza mara moja. Laiti ungelisema Jumamosi ile, tungelimaliza palepale. Kosa la mdomo limezunguka mji, limekausha biashara ya watu, na bado hujamaliza kulirudisha. Ukikosea, sema ungali mlangoni, kabla kosa lako halijapata miguu."

Akamkabidhi kikombe kimoja kilichokuwa bado na uchafu.

"Hiki rudia," alisema. "Kisha kesho asubuhi utaandamana na Mbuke katika mzunguko wake, kama atakubali. Zipo nyumba ambazo hazikuwa na mtu hapa leo. Huko nako utapiga hodi na kusema mwenyewe."

Leticia alikipokea kikombe, akakisugua hadi kikang'aa.